Beta na gama-tokoferoli kutoka pamoja kwenye kapilari

Ndugu muulizaji, umeuliza jinsi ya kutenganisha beta-tokoferoli na gama-tokoferoli, aina mbili za vitamini E, kwa kromatografia ya kimiminika. Si ajabu kwamba zinatoka pamoja kwenye kolamu yako ya kapilari (mrija mwembamba sana) yenye kijazo cha C18 (minyororo ya kaboni 18), kwa kuwa zina uzito uleule na hutofautiana tu mahali lilipokaa kundi moja la methili kwenye kromanoli, sehemu ya molekuli yenye umbo la pete. Kurefusha kolamu kutakupotezea muda. Badilisha kijazo: C30 (minyororo ya kaboni 30), ambacho huhisi zaidi umbo la molekuli, kwa kawaida huzitenganisha, hasa methanoli ikitawala katika kiyeyushi na joto likishushwa kidogo. Kwa kuwa njia ya mwanga ndani ya kapilari ni fupi mno kupima vizuri mwanga unaofyonzwa, ningechagua kitambuzi cha fluoresensi (hupima mwanga ambao molekuli hutoa zikiangaziwa), kikichochewa kwa nanomita 295 na kusoma karibu na 330; spektrometa ya masi, ambayo hutofautisha molekuli kwa uzito, ghali ilivyo, haitazibainisha zikiwa bado zimepandana.