Unaolewa na mwenye nyumba yake? Piga hesabu za kodi za Kanada kwanza

Nilipochumbiwa, mchumba wangu alikuwa na fleti yake hapa Ottawa, mimi nimepanga chumba upande wa pili wa mji. Kila mtu akaniambia nihamie kwake, niache kupoteza hela za pango. Nikakataa. Mama alifurahi sana akidhani ni maadili. Kusema kweli nilikuwa napiga hesabu za kodi.

Kanada ina nafuu ya kodi kwa anayenunua nyumba ya kwanza, ile ya mstari wa 31270 kwenye ritani, yaani fomu ya kodi ya kila mwaka. Mwaka 2022 iliongezwa kutoka dola 5,000 hadi 10,000. Hupewi 10,000 mkononi: hadi 2024 ilipigiwa asilimia 15, kodi yako ikapungua dola 1,500. Tangu 2025 asilimia hiyo imeshushwa kidogo. Na kama huna kodi ya kulipa, hakuna kinachorudi, kwa hiyo wanandoa wanaostahili wote wawili wampe mwenye kodi kubwa, au wagawane.

Sasa ndoa inaingia wapi? Mwaka mnaonunua, pamoja na minne iliyotangulia, usiwe umeishi kwenye nyumba yako au ya mwenzi wako. Neno zito hapo ni kuishi. Mume kumiliki fleti hakukunyimi chochote kama hukukaa humo mkiwa wenzi. Sisi tulinunua nyumba nyingine, tukahamia pamoja. Yeye hakustahili hata senti. Mimi nilichukua zote 10,000. Mkataba wa pango na bili za umeme zenye jina langu bado ninazo kwenye faili, maana ukiulizwa, kuthibitisha ni juu yako.

Msidhani kuchelewesha ndoa kunasaidia. Mkiishi kinyumba miezi 12 mfululizo, serikali inawahesabu wenzi, shehe au padri awe amewaona au hajawaona. Mkiwa na mtoto wenu mkakaa pamoja, hiyo miezi 12 haingojwi.

Halafu kuna nyumba ya Mbagala, au ya Nakuru. Nayo inahesabika ikiwa uliishi humo ndani ya miaka hiyo. Ukiwa umeijenga kwa kutuma hela na wanaokaa ni wapangaji au shangazi, haikuzuii. Uliyehama kwako 2019 ukanunua hapa 2024, nawe unastahili.

Usiisahau akaunti ya FHSA, ya kuwekea akiba ya nyumba ya kwanza, iliyoanza Aprili 2023: unaweka hadi dola 8,000 kwa mwaka, jumla 40,000. Siku ya kuifungua, kuishi kwenye nyumba ya mwenzi wako kunakuzuia. Siku ya kutoa hela za kununulia nyumba, wanaangalia nyumba uliyomiliki wewe tu. Kwa hiyo dada unayekwenda kwa mume mwenye nyumba, ifungue kabla ya harusi na kabla hujafunga masanduku, hata kwa dola hamsini.