Mbio za ndege bila GPS: Cessna 172 ina nafasi?

Mkuu, umeuliza kama Cessna 172, ile ndege ndogo ya injini moja, inaweza kushinda ndege za kasi kwenye mbio za President's Trophy za Afrika Kusini, na bila GPS watu hawapotei? Kushinda inaweza kabisa. Kila ndege hupangiwa kasi yake ya kulinganishia, na anayeshinda ni aliyeizidi hiyo kwa kiasi kikubwa kuliko wengine, si mwenye injini kubwa. Mbio hizi zipo tangu 1937, usidhani ni mchezo wa juzi.

Kupotea? Wanapotea sana tu! Kazi yote iko kwenye ramani, penseli, dira na saa. Ukienda kilomita 180 kwa saa, kila dakika ni kilomita 3, basi weka alama za dakika kwenye mstari wako kabla ya kuruka. Ukikosea mwelekeo kwa nyuzi (digrii) 1 tu, baada ya kilomita 60 umeshatoka njiani kilomita 1 hivi.

Wageni hukosea hapa: wanaona bwawa chini, halafu wanalilazimisha lifanane na lililo kwenye ramani. Anza na saa, uende kwenye ramani, ndipo utazame chini. Na tafuta reli au mto. Vibarabara vya mashambani vyote vinafanana.