Taa moja karibu na uso

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Tunatengeneza filamu ya dakika 7 kwa simu, kuhusu mvuvi aliyeibiwa nyavu. Mchana, kwenye mwalo wa Kirumba, uso wake unatoka mweusi tii. Usiku chumbani tumeongeza taa mbili, lakini upweke wake hauonekani, na picha ina chenga. Tufanyeje bila kuongeza maneno?
Msomaji, Igogo, Mwanza

JIBU: Tuanze na chumba, maana hapo ndipo filamu yenu inapopwaya. Zimeni hizo taa mbili. Mtu huonekana mpweke pale mwanga unapomfikia yeye na kuishia hapo, na hilo ni suala la umbali: mwanga wa balbu ukienda mbali mara mbili, nguvu hubaki robo. Wekeni balbu moja nusu mita kutoka usoni, ukuta uwe mita 2 kutoka kwenye balbu. Ukuta utapata takriban sehemu moja ya 16 ya mwanga wa usoni. Mkiisogeza mbali ili "ienee", ukuta unawaka karibu sawa na uso, na upweke umekwisha.

Balbu ikae ubavuni, juu kidogo ya macho, nje ya fremu. Mbele yake tundikeni kitambaa cheupe ili mng'ao utandae shavuni. Ngozi nyeusi huchorwa na mng'ao huo, na taa ya mbele huufuta.

Chenga zinatokana na simu kupandisha yenyewe ISO, yaani kiwango cha wepesi wake wa kuhisi mwanga. Tumieni programu ya kurekebisha kwa mkono: ISO isizidi 800, fremu 25 kwa sekunde, shata (muda wa kunasa mwanga kwa kila fremu) 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na 1/50 inaendana nao. Kwa 1/60 baadhi ya taa huleta mistari inayotembea ukutani. WB, yaani mpangilio wa rangi ya mwanga, nayo ifungeni, la sivyo simu itaufuta unjano wa taa.

Ziwani, simu inapima anga na maji yanayong'aa, kisha inafifisha kila kitu. Kwenye kioo cha simu, bonyezeni pale uso wake ulipo na kushikilia hadi kipimo kijifunge. Mgeuzeni mwigizaji jua limpige ubavuni, na upande wa pili mtu ashike shuka jeupe la kurudisha mwanga.

Kisha engo. Ufukweni, mstari wa ziwa na anga hukata mwili kwenye kimo kilekile cha kamera. Kamera ikiwa kiunoni, mabega na kichwa vinasimama angani: huyo bado ana nguvu. Ikiwa shingoni, mstari unamkata shingo, nasi hatuoni sababu ya kuiweka hapo. Anapogundua wizi, pandeni juu ya jiwe, kamera ipite kichwa chake. Maji yatamzunguka mwili mzima, anga lisionekane.

Jioni, shoti ya karibu ya macho ipigeni kwanza. Mwanza jua huzama kati ya saa 12:35 na saa 1:10 jioni, na karibu na Ikweta hushuka karibu wima, hivyo mwanga wa dhahabu hudumu kama nusu saa tu.