Inbox ya Thunderbird imebaki tupu baada ya mashine kuzimika, meseji zinarudi?

SWALI: Habari fundi. Natumia Thunderbird kwa imeili za kazi, akaunti yangu ni ya POP na niliiset ifute meseji kwenye seva ikishazidaunlodi. Juzi mashine imezimika ghafla Thunderbird ikiwa wazi, kuja kuwasha nakuta Inbox ina vimeseji vichache tu vya karibuni, za miaka yote ya nyuma hazionekani. Mwenzangu ananiambia nibonyeze Compact itajirekebisha yenyewe. Ni kweli? Na kuna namna ya kuzirudisha?

JIBU: Mkuu hiyo Compact usiiguse kabisa, na kama ushafungua Thunderbird ifunge sasa hivi kabla hujaendelea kusoma. Compact inaandika faili upya, inabakiza zile meseji ambazo programu inazitambua na zilizobaki inazitupa, sasa fikiria programu yenyewe ndo hiyo imechanganyikiwa inaona vimeseji vichache halafu unaiambia isafishe nyumba, hapo ndo unakuwa umejimaliza mwenyewe. Watu wengi sana wanapotezea hapo, sio kwenye kuzimika kwa mashine.

Iko hivi. Thunderbird haiweki kila meseji kwenye faili lake, kwa kawaida inazishona zote kwenye faili moja refu la maandishi (fomati yake inaitwa mbox), na faili hilo linaitwa Inbox tu, halina nukta wala herufi za mwishoni. Pembeni yake kuna jingine dogo linaitwa Inbox.msf. Hilo dogo ni indeksi, linasema meseji fulani inaanzia wapi, imesomwa au bado. Unachokiona kwenye skrini kinatoka kwenye hilo dogo, kwa hiyo likiharibika unaona patupu wakati mzigo wote umelala palepale. Mashine ikizimika ghafla la kwanza kuumia mara nyingi ni indeksi.

Kwa hiyo nenda kwenye folda la profaili (pale Thunderbird inapoweka meseji na mipangilio yako), kwenye Windows liko AppData, kisha Roaming, Thunderbird, Profiles, ndani yake utakuta folda lenye jina la ajabuajabu, ingia Mail halafu folda la akaunti yako. Kopi folda lote la profaili uliweke kwenye diski nyingine au flashi, usiruke hii hatua hata kama una haraka vipi. Halafu angalia ukubwa wa lile faili la Inbox. Hiki kipimo kimoja kinaniambia mimi zaidi ya maelezo mengine yote: kama ni mamia ya MB au GB kadhaa, meseji zako zipo, lala usingizi. Hapo futa Inbox.msf peke yake (narudia, ile yenye .msf, sio Inbox yenyewe), fungua Thunderbird, bofya Inbox na uiache itengeneze indeksi mpya, faili likiwa kubwa inachukua muda na inaonekana kama imeganda, usiizime. Ukibofya folda kwa kulia, ukaenda Properties, kile kitufe cha Repair Folder kinafanya kazi hiyohiyo.

Ila kama kuna mtu anasoma hapa na yeye yuko IMAP (ile akaunti ambayo meseji zinakaa kwenye seva na kompyuta inabaki na nakala tu), asikimbilie hicho kitufe. Kwenye IMAP Repair inatupa nakala iliyoko kwenye kompyuta na kuvuta upya kutoka kwenye seva, sasa kama kwenye seva nako hazipo utabaki unakodoa macho.

Umerudisha indeksi na bado zinatokea nusu? Basi faili lenyewe limepata jeraha. Fanya kazi kwenye kopi, lifungue na edita inayohimili mafaili makubwa maana Notepadi ya kawaida itakufia. Utaona kila meseji inaanza na mistari kama hii:

From - Tue Mar 12 09:14:22 2019
X-Mozilla-Status: 0001
X-Mozilla-Status2: 00000000

Shuka mpaka pale mambo yanapovurugika. Umeme ukikatika katikati ya kuandika unaweza kukuta kipande kizima kimejaa baiti za sifuri, edita nyingine zinaonyesha NUL NUL NUL mstari mzima. Kata kipande hicho, kuanzia mwisho wa meseji ya mwisho iliyo nzima mpaka kwenye mstari wa From unaofuata. Zilizokuwa ndani ya kipande hicho ndo zimeenda, hapo sikudanganyi, lakini za juu yake na za chini yake zinapona. Ukikutana na maherufi yasiyosomeka kurasa na kurasa usishtuke, hizo ni atachimenti, ziache kama zilivyo.

Halafu iangalie ile namba ya Status kwa makini. Ni za heksadesimali (baada ya 9 inakuja A ambayo ni kumi, B ni kumi na moja), 1 ni imesomwa, 2 imejibiwa, 8 ni imefutwa, na zinajumlishwa. Kwa hiyo meseji iliyosomwa kisha ikafutwa inasoma 0009, na iliyosomwa ikajibiwa ikafutwa inasoma 000B. Maana yake meseji uliyoifuta bado imo kwenye faili mpaka siku utakapokompakti (ndo maana nimepiga kelele pale juu). Badilisha 0009 iwe 0001, 000B iwe 0003, idadi ya herufi ibaki ileile, na itarudi. Usibadilishe faili zima kwa mkupuo kama huna sababu, utafufua na matangazo yote uliyowahi kuyafuta.

Ukimaliza usilirudishe juu ya Inbox ya zamani. Lipe jina jipya lisilo na nukta, mfano Zamani, liweke ndani ya Mail, kwenye Local Folders, wakati Thunderbird imefungwa, ukifungua litatokea kama folda la kawaida.

Sasa upande mbaya: umekuta Inbox ni vi-KB vichache tu. Angalia kwanza kama kuna faili linaitwa nstmp, hilo linaachwa Compact ikikatika njiani, likiwa kubwa lifanyie hayohayo niliyoeleza. Halafu fungua karantini ya antivairasi, pale inapofungia mafaili inayoyashuku. Kwa kuwa meseji zote ziko kwenye faili moja, antivairasi ikikuta kirusi kwenye atachimenti moja inaweza kubeba Inbox nzima kama ilivyo, unairudisha kutoka hukohuko na kuiambia isiskani folda la profaili.

Wa Outlook na nyie mnauliza kila siku: faili lenu ni .pst, na programu ya kulirekebisha inakuja na Outlook yenyewe, inaitwa scanpst. Kopi faili kwanza, irudie mpaka iache kulalamika, kisha tafuta folda la Lost and Found ndani yake. PST za zamani, za Outlook 2002 kurudi nyuma, mwisho wake ni GB 2, zikigonga hapo zinaharibika zenyewe.

Na kama hakuna nstmp wala kitu kwenye karantini, acha kuitumia hiyo kompyuta, usiinstoli chochote kwenye diski hiyo. Diski za kuzunguka zina nafasi nzuri ya kurudisha faili lililofutwa, SSD ngumu sana kwa sababu ya TRIM, inasafisha sehemu zilizofutwa bila kukuuliza. Niandikie ukubwa wa Inbox na majina ya mafaili yote yaliyomo kwenye lile folda, na kama diski ni SSD au hapana, tutaendelea kuanzia hapo.