Ukiandika "Jamii", Nitauliza Nani

Insha yangu ya kwanza ya chuoni juu ya riwaya ilirudi na viduara 17 vya wino mwekundu. Mwalimu hakugusa tahajia wala mpangilio. Alizungushia kila mahali nilipoandika "jamii", na pembeni ya kila duara akaweka neno moja: nani? La mwisho lilikuwa na nyongeza: nani, na kwa kutumia nini? Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikarudi kwenye kitabu, maana kusema kweli nilikuwa nimejaza kurasa sita bila kukifungua.

Leo ninayesahihisha ni mimi, na ninyi wadogo zangu mnaoanza fasihi mnaniletea insha ileile. Swali la mtu binafsi na jamii halikosekani, na jibu lake hulijua kila mtu hata kabla ya kusoma: mhusika mkuu anataka hili, jamii inamkatalia, anaumia. Ukiishia hapo hujaandika juu ya kitabu chochote. Umeandika juu ya vitabu vyote.

Tuchukue Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, kwa kuwa wengi mnaanzia hapo. Sentensi ninayoipata katika insha nane kati ya kumi ni "Rosa anakandamizwa na jamii yenye mfumo dume". Sawa. Sasa fungua kitabu uniambie nani. Kuna baba, Zakaria, anayempiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana. Hiyo ni karatasi, ni fimbo, ni mtu mmoja mwenye jina. Tena huyo anayelinda heshima ya nyumba ni mlevi, na nyumba yenyewe inabebwa na mke wake, Regina. Ukiliona hilo una hoja: anayeshika fimbo ya jamii si lazima awe ametimiza masharti yake mwenyewe. Halafu fuata hadi mwisho, pale mchumba anapomwacha Rosa kwa kuwa si bikira. Huyu hana fimbo. Anatumia kipimo tu. Baba alimchapa ili asimjue mwanamume, akakua hajui namna ya kuishi nao, kisha mwanamume mwingine akamhukumu kwa yaliyotokana na kutojua huko. Mikono miwili tofauti, na katikati yake msichana anayejiua. Neno "jamii" lingeificha mikono yote miwili, na mwandishi amehangaika kweli kukuonyesha kila mmoja.

Kwa hiyo zoezi la kwanza ninalowapa wageni ni la kitoto kidogo: chora safu tatu. Nani anabana, anatumia nini, na yeye mwenyewe anaogopa nini. Safu ya tatu ndiyo ngumu na ndiyo yenye alama. Baba anayefungia binti ndani naye anatazamwa na majirani. Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980) ni uwanja mzuri wa kufanyia zoezi hili. Maksuudi anamfungia Maimuna ndani huku yeye mwenyewe akiwa mtu wa nje, wa siasa, mwenye jina la kulinda. Nikisoma riwaya ile huwa nahesabu milango: nani anatoka bila kuuliza, nani anaomba ruhusa, nani anatoka kwa siri. Shinikizo limekaa kwenye bawaba. Halihitaji hotuba ya mhusika yeyote.

Kuhusu miongozo, vile vijitabu vya uchambuzi wa vitabu vya fasihi, nitasema kwa kifupi. Isomeni baada ya kitabu, la sivyo msisome.

Sasa kuna jambo ambalo mimi lilinichukua miaka kuliona. Tumezoea kutafuta shinikizo mahali penye kelele: viboko, matusi, kufukuzwa nyumbani. Lakini fungua Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858. Mama mgonjwa anamwachia binti yake mawaidha ya namna ya kuishi, pamoja na namna ya kumtii mume. Anaanza kwa kumwita: "Negema wangu binti". Sogea karibu nami, mwanangu. Wanafunzi humkata mama yule kwa mstari mmoja, eti "anatetea mfumo dume", na kuendelea na safari. Polepole. Anayesema pale anakufa, na anajua gharama ya dunia anayomwachia mtoto. Jamii inapita katika sauti ya anayekupenda kuliko wote, kwa upole, na ndiyo maana ni vigumu kuikataa. Mgeni akiweza kuandika aya moja inayoshika upendo na mbano kwa pamoja bila kuangusha kimoja, mimi huweka kalamu chini na kusoma kwa raha.

Kuna na mbano usiohitaji mtu wa pili kabisa. Katika Kichwamaji (1974), Kezilahabi anamfanya Kazimoto asimulie mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza. Kijana wa chuo kikuu, haamini tena aliyofundishwa, na hana pengine pa kusimama. Hapo wengi hukimbilia neno "udhanaishi", ile falsafa ya mtu anayejitafutia mwenyewe maana ya maisha, na kulibandika kama stempu. Neno lenyewe halina kosa, ila likija kabla ya ushahidi linakuwa "jamii" nyingine tu, yenye suti. Jiulize kwanza: ni lini Kazimoto anawahukumu wenzake kwa vipimo vilevile anavyodai kuvikataa? Na msimwamini kwa kila kitu. Msimulizi wa nafsi ya kwanza ni shahidi wa kesi yake mwenyewe.

Tahadhari moja upande wa pili. Si kila kazi inayo nafsi ya aina hiyo, na msiitafute mahali isipowekwa. Niliwahi kusahihisha insha iliyochimba "mgogoro wa ndani" wa Karama katika Kusadikika ya Shaaban Robert (1951). Kijana alijitahidi kweli, maskini. Lakini Karama anashitakiwa na Majivuno, na majina hayo yanakueleza uko katika uandishi wa namna gani: mtu amebeba sifa, na kinachopimwa barazani ni hoja. Mbano ule ni wa watawala dhidi ya fikra. Ukimlazimisha Karama kulia usiku peke yake, umemwandikia riwaya nyingine.

Na msisahau tamthilia. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969) huwekwa kwenye kapu la ukoloni, na ni kweli inahusu Vita vya Maji Maji. Lakini angalia anayembana Kinjeketile zaidi: ni watu wake, waliolichukua neno lake kuhusu maji ya kuwakinga na risasi na kulifanya kubwa kuliko yeye. Mwishoni anakataa kusema kwamba maji yale ni uongo, kwa kufikiria watakaokuja baadaye. Je, amejipoteza hapo au amejipata? Nimelisahihisha swali hilo mara nyingi, na jibu langu mwenyewe hubadilika.

Zoezi la mwisho ninalolipenda kuliko yote: orodhesha mhusika anavyoitwa, na nani anamwita hivyo. Lugha yetu ina hila hapa. Mwanamke anaweza kupita kitabu kizima akiwa binti wa fulani, mke wa fulani, mama fulani, na jina lake likatajwa mara mbili tu. Ukiona aliyetajiwa jina lake ghafla, simama hapo, kuna kitu.

Muhula uliopita binti mmoja wa mwaka wa kwanza aliniletea orodha yake ya Utengano. Mbele ya Biti Kocho alikuwa ameweka alama ya kuuliza. "Mwalimu, biti si ni binti wa? Sasa yeye mwenyewe anaitwaje?" Nilichukua kalamu nyekundu, nikazungushia alama yake ya kuuliza, nikamrudishia karatasi aende akasome tena.