Mzee akisimama ili akujibu: kwa mnaoanza kupima hatari ya kuanguka

Mzee akianguka, wengi hukimbilia magoti. Ninyi mnaoanza kutembelea wazee majumbani hapa Kigoma, chunguzeni akili pia. Umri ukienda, kutembea kunahitaji umakini, na mazungumzo yanahitaji umakini huohuo. Mwaka 1997 watafiti wa Sweden walionyesha kwamba wazee walioacha kutembea waliposemeshwa walianguka zaidi katika miezi 6 iliyofuata.

Chukueni kiti imara chenye mikono, pimeni mita 3, wekeni alama. Mzee avae viatu vyake vya kila siku na ashike fimbo yake. Ainuke, aende hadi alama, ageuke, arudi, akae. Ajaribu mara moja bila saa, kisha pimeni. Sekunde 12 au zaidi ni dalili ya hatari. Msitangulie mbele yake, maana atafuata mwendo wenu. Kaeni ubavuni, nyuma kidogo. Andikeni pia kama ni sakafu ya saruji au uwanja wa udongo, la sivyo kipimo cha mwezi ujao hakitalinganishwa na hiki.

Kisha arudie huku anazungumza. Hapa ndipo wengi huharibu. Kumwambia atoe 3 kutoka 100 akishuka ni kupima shule aliyosoma. Mvuvi wa Ujiji ataje samaki wa ziwani, mkulima wa Kasulu ataje mazao. Ataje kwanza akiwa amekaa, mjue uwezo wake. Msimwambie kipi akipe kipaumbele. Aliyetumia sekunde 10 akiwa kimya akafika 16 akizungumza, au aliyenyamaza kabisa ili ageuke, anahitaji ufuatiliaji hata kama miguu yake ina nguvu.

Msiilaumu akili haraka. Ulizeni dawa zinazoleta usingizi au kizunguzungu: diazepamu, amitriptilini, hata Piriton ya mafua. Pimeni presha akiwa amelala dakika 5, kisha dakika ya 1 na ya 3 baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka 20 au ya chini 10, huenda tatizo liko hapo. Aliyechanganyikiwa ghafla ndani ya siku chache apelekwe kituoni siku hiyohiyo: huenda ni malaria au maambukizi mengine, wala si uzee.

Mazoezi ya nguvu na ya usawa wa mwili yawe siku 3 kwa wiki, kwa kuanzia na kuinuka kitini. Mazungumzo yaongezwe mwendo ukishatulia. Na waelezeni wajukuu: kwenye mteremko wa Mwanga, shikamoo isubiri mpaka babu asimame.