Karavati nyembamba kwenye koti la baba

Ndugu, unasema kostimu ya baba inakukaa vizuri mabegani, ila karavati yako mpya inaning'inia kama kamba ya mbuzi. Kosa si lako, ni vipimo. Chukua mita ya fundi, pima kola ya koti, ile inayokunjwa kifuani, pale ilipo pana zaidi, toka kwenye mkunjo hadi kwenye ncha. Makoti mengi ya miaka ya 1970 yanafika sentimita 10. Karavati ya 5 inapotea hapo. Tafuta ya 9 au 10 kwenye mitumba ya Kadutu, pale Bukavu, zile vijana wanazipita bila kuzitazama. Fundi akikuambia apunguze kola, kataa: tundu la kifungo la kwenye kola litabaki ukingoni kabisa. Na fundo lijae kidogo.